Miche Iliyokonda

Jumatatu, 3 Machi. Migori

Leo mwanamke mmoja ameingia kitaluni kwangu na mfuko wa sukari mkononi. Nilidhani analeta mbegu za kuuza. Akaumwaga mfuko mezani, vikatoka vijiti vikavu, vingine bado na mizizi yake.

"Wewe ndio Nyanchama?"

"Ndiye mimi."

"Hii ni miti yako. Nilinunua hapa mia nne mwaka jana. Nimekuletea hii kidogo uone. Ingine nilitupia mbuzi, wakakataa hata kuonja."

Jina lake ni Dorah, ametoka Magunga. Aliipanda kando ya korongo linalokula boma lake, na yote ikafa kabla ya Agosti. Mumewe Oyaro anafanya kazi Awendo na korongo hilo limemchosha. Amepata kiwanja Ndhiwa. Amesema sikukuu ya Madaraka, tarehe moja Juni, atakuja na lori, ang'oe mabati, wahame kabisa. Dorah hataki kuhama, na mkwewe, mama yake Oyaro, hataki hata kusikia neno hilo kwa sababu mume wake mwenyewe, baba yake Oyaro, amezikwa pale. Kwa hiyo Dorah ana miezi mitatu ya kulisimamisha korongo.

Nikamwambia nitamrudishia pesa yake.

"Pesa haizibi shimo," akasema. "Kuja uone."

Hasira ilinipanda, kisha ikashuka yenyewe, maana alikuwa na haki. Hapa Migori mteja huchagua mche kwa macho. Anataka wenye majani mapana, laini, yanayong'aa. Nami nawapa: neti mbili za kivuli, maji asubuhi na jioni, mpaka jani linatoshea sahani. Chuoni nilifundishwa vizuri kwamba jani pana ni la mti wenye maji ya kumwaga. Jani lina matundu madogo yanayotoa mvuke, na likiwa pana na laini kwenye upepo mkavu, linamaliza maji kabla mizizi haijayapata mengine. Nilijua hayo yote na bado niliuza.

Alhamisi, 6 Machi. Magunga

Nimefika na miche mia tatu michanga: siala, ule mti wa maua ya njano, mwarobaini na mgunga. Kitalu nimemwachia dada yangu. Dorah amenipa chumba cha mkwewe, ambaye yuko Kendu Bay kwa binti yake akitibiwa mguu. Watu hapa humwita Min Oyaro, yaani mama yake Oyaro.

Korongo ni baya kuliko nilivyodhani. Nimepima kwa hatua zangu kutoka mdomo wake hadi ukuta wa jikoni. Kumi na tisa. Nikapima tena, kumi na tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetembea hadi karibu na uzio wa mbuga ya Ruma nikitazama majani tu. Mchunga ng'ombe mmoja ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwetu Kisii milimani, majani mengi yana ncha ndefu ya kumwagia mvua, isilale juu yake ikayaozesha. Hapa mvua haimsumbui mtu. Mgunga umeligawa jani lake vipande vidogo kama punje za wimbi. Kuna kichaka kingine ambacho majani yake yana manyoya meupe, na manyoya hayo huzuia upepo usinyonye maji. Mkonge umejipaka nta. Na ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe wanaoupanda kuwa ua, umeachana na majani karibu kabisa. Vijiti vyake vya kijani ndivyo vinavyofanya kazi ya jani. Kila mmea hapa umejinyima kitu ili uishi. Nimerudi na aibu.

Jumapili, 9 Machi

Mpango ni huu. Nitaikomaza miche hapahapa kabla ya kuipanda. Neti itaondoka kidogo kidogo. Maji kila siku kwa wiki moja, kisha kila siku ya pili, kisha ya tatu. Vitanda vitatu, miche mia mia. Kando yake nakusanya miche ya mkonge na vipande vya ojuok vya papa hapa, ambavyo havihitaji mafunzo yangu.

Jumatano, 12 Machi

Upepo. Nimeihesabu miche mara mbili bila sababu.

Jumatatu, 17 Machi

Majani yameanza kudondoka. Dorah amesimama mbele ya kitanda cha kwanza, mikono kiunoni.

"Unaiua."

"Naifundisha."

"Mwalimu gani wa kuua darasa?"

Nimemweleza kwamba yanayodondoka ni majani ya Migori, na kwamba yatakayoota yatakuwa madogo, manene, yanayojua jua la hapa. Alinisikiliza kwa adabu, na sikuona kama ameamini hata neno moja. Mwenyewe nimelala vibaya.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza, ya dakika ishirini. Korongo limechukua hatua moja. Kumi na nane.

Alhamisi, 27 Machi

Ajabu. Kitanda cha tatu, kile kilicho karibu na jikoni, kimekataa kukonda. Vitanda viwili vya kwanza ni vijiti vyenye majani manne manne, magumu, ya rangi iliyokolea. Cha tatu kimependeza kama cha duka. Nikajisifu kidogo. Nikasema labda udongo wa upande ule una rutuba.

Jumanne, 1 Aprili

Dorah ameenda Kendu Bay kumwona mkwewe. Jua kali sana. Mawingu yanakuja mchana, yanasimama upande wa ziwa, yanaondoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Kitanda cha tatu kimeanguka. Siwezi kutumia neno jingine. Jana adhuhuri majani yalilegea, leo yamejikunja pembeni na kugeuka hudhurungi. Miche ileile, siku ileile ya kupandwa mifukoni, udongo uleule. Vitanda viwili vilivyokonda vimesimama kana kwamba hakuna jua. Nimezunguka bomani mara ishirini. Nimechimba nikitafuta mchwa. Hakuna mchwa.

Jumapili, 6 Aprili

Dorah amerudi. Aliona kitanda cha tatu kabla ya kuweka mzigo chini, akakaa kwenye kinu kilicholala pale.

"Ni mimi," akasema.

Kumbe kila asubuhi, nikiwa nimeenda kukata mkonge, alikuwa akimwagia kitanda hicho maji aliyosuuzia vyombo. Wiki tatu nzima. Kisha akasafiri siku tano, na miche iliyozoea kunyweshwa kila siku ikakutana na jua bila ngozi ya kulipokea.

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamwambia miche mia moja imekufa kwa sababu ya huruma yake, na kwamba huruma ya namna hiyo abaki nayo.

Hakujibu kwa sauti kubwa. "Mimi nilipanda miti mia nne yako, Nyanchama. Nilitazama ikikauka mmoja mmoja. Watu wakipita wananicheka, eti Dorah amepanda kuni. Nikaona hii ingine nayo inakauka. Singeweza kutazama tu."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu. Kosa lake la wiki tatu ndiyo kazi yangu ya miaka sita. Yeye alifanya kwa huruma, mimi kwa soko. Niliporudi nikamwomba radhi, naye akasema uji uko tayari. Tukanywa.

Imebaki mia mbili.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua sasa. Saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja. Hatua kumi na nne. Kesho tunapanda.

Ijumaa, 11 Aprili

Hatukupanda.

Niliamka kukiwa na giza, nikanoa jembe, nikapanga miche kwenye toroli. Dorah akatoka akaona toroli, akasimama.

"Bado," akasema. "Mama hajatoa mbegu."

Mila yenyewe wanaiita golo kodhi. Mama wa boma ndiye huweka mbegu ya kwanza ardhini kila msimu, kisha wake za wanawe hufuata. Mkaza mwana akimtangulia, anajiletea balaa yeye na watoto wake. Nikamwuliza kama mti wa korongoni nao ni mbegu. Akasema kitu chochote kinachoingia kwenye udongo wa boma hili ni mbegu.

"Basi wacha mimi nipande. Mimi ni mgeni, sina mkwe hapa."

"Ukipanda, ni mimi nimepanda."

Dorah huenda kanisani kila Jumapili, Mkatoliki wa kweli. Nilimkumbusha hilo, kwa ukali. Akanijibu kwamba yeye haniulizi kwa nini mimi Msabato siwashi jiko Jumamosi. Hapo niliweka jembe chini.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua siku mbili mfululizo. Hatua kumi na moja. Miche inakaa kwenye toroli ikiangalia mvua nzuri ikipita. Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 14 Aprili. Kendu Bay

Nimekuja mwenyewe kumwita.

Min Oyaro ni mwanamke mrefu, mkali wa macho, anayependa kiti kiwe kule anakotaka yeye. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, mguu umefungwa bendeji, akitazama ziwa lililofunikwa na gugu maji hadi mbali. Nikiwa sijui nianzie wapi, nikaokota mmea mmoja ufukweni nikaupasua shina. Ndani ni sifongo tupu, imejaa hewa, ndiyo maana gugu linaelea. Na majani yake ni mapana bila woga wowote, kwa sababu maji yako hapo chini yake siku zote.

"Nyar Kisii, umetoka Magunga kuja kupasua takataka?" Nyar Kisii ni kusema binti wa Kisii.

"Nimekuja kukuita, mama. Tunangoja utoe mbegu."

"Ngojeni. Mguu wangu bado."

Binti yake, aliyekuwa akianua nguo, akacheka kidogo. "Mguu ulipona wiki iliyopita, mama."

Min Oyaro akamtupia jicho. Kisha ukweli ukatoka. Alisema akiwa huku Kendu Bay, Oyaro hawezi kuhamisha boma. Mwana gani atang'oa nyumba mama yake akiwa hayupo? Kwa hiyo atakaa huku mpaka Oyaro achoke na Ndhiwa.

Njia nzima nilikuwa nimemwita mzee mkaidi moyoni. Sasa nikaona ni mtu aliyeogopa, na amejificha mahali pekee alipopaona.

"Mama, ukikaa huku Oyaro hawezi kuhama, ni kweli. Lakini na sisi hatuwezi kupanda. Korongo lenyewe halina mila. Jana limefika hatua kumi na moja kutoka jikoni. Nyuma ya jikoni kuna nini?"

Aliugeuza uso kutoka ziwani.

"Ni mzee," akasema. Hapo ndipo kaburi la mumewe lilipo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili. Magunga

Amekuja kwa bodaboda, na mkoba, na kiti chake mwenyewe kimefungwa nyuma. Alasiri, Dorah aliporudi kutoka kanisani, Min Oyaro akavua viatu, akaweka mstari mmoja wa mtama. Kisha akachukua mkonge mmoja, akauchimbia karibu na mdomo wa korongo, akaukanyagia kwa mguu mzima.

"Hii miti yenu ni mibaya sana kwa sura," akasema. "Lakini pandeni."

Jua lilikuwa linazama. Sabato imeingia, sishiki jembe mpaka kesho jioni.

Jumamosi, 19 Aprili

Sabato ndefu kuliko zote za maisha yangu. Asubuhi nilienda kanisani, wakaimba, nami macho yangu yako dirishani. Mvua ikaanza saa saba. Dorah yuko korongoni peke yake na miche mia mbili. Nilijua atakosea. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kufikiria mashimo wakati wa mahubiri, kisha nikaendelea kuyafikiria.

Jumapili, 20 Aprili

Amekosea, nikadhani. Ramani yangu ilikuwa mistari miwili, kila ukingo mmoja. Dorah amepanda tofauti. Mkonge wote na ojuok ameusonga pamoja, umebanana, kwa umbo la mwezi mchanga kuzunguka kichwa cha korongo, na miti nyuma yake. Nilifungua mdomo kugomba.

"Maji haiingii huko pembeni," akasema. "Inaingia hapa. Mimi nimeangalia hii maji miaka tisa."

Nikafuata alama za mvua ya jana kwenye udongo. Ni kweli, zote zinakuja kichwani. Mgala muue na haki mpe. Mimi najua majani, yeye anajua maji. Tumeongeza mashina mia ya mkonge palepale alipoanzia.

Jumanne, 29 Aprili

Hatua tisa.

Jumatatu, 5 Mei

Hatua nane. Siala zimetoa majani mapya. Nusu ya ukubwa wa yale ya Migori, mazito, na ukilipapasa jani chini linakwaruza. Mti uleule, mbegu ya mama mmoja. Nimelifungia moja ndani ya daftari hili.

Jumapili, 11 Mei

Nane. Dada yangu amepiga simu, wateja wananiuliza. Ningeweza kurudi. Kila asubuhi najiambia narudi kesho, kisha naenda kupima.

Jumatano, 14 Mei

Oyaro amempigia mke wake. Lori limeshapatikana. Min Oyaro amekataa kuongea naye kwenye simu.

Jumanne, 20 Mei

Naandika leo leo, kesho nitakuwa nimepunguza.

Saa nane mchana upande wa ziwa ukawa mweusi kabisa. Upepo ukaja kwanza, ukang'oa bati moja la choo. Kisha mvua, na katikati yake mawe ya barafu. Tulikuwa jikoni sisi watatu. Ndani ya nusu saa tukasikia maji yakija kutoka barabarani, na Dorah akatoka mbio. Nikamfuata.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, mifuko, kandambili, nusu ya ua la jirani. Yakafika kwenye ule mwezi wa mkonge. Nilitarajia kuona mkonge ukiondoka kama vijiti. Badala yake takataka zikanasa kwenye miiba ya majani, zikapangana, maji yakagonga pale yakapunguza mwendo, yakaanza kuacha matope. Lakini upande wa kushoto, ambako miche ilikuwa haijashika vizuri, udongo ukakatika. Niliona miche kumi na mitano ikizama kwa pamoja, imesimama wima.

"Miiba! Leta miiba!" Dorah akapiga kelele.

Tukaburuta matawi ya miiba kutoka zizi la mbuzi, yeye na mimi, tukayasukuma kwenye pengo. Min Oyaro, ambaye mguu wake ulipona juzi tu, akaja nyuma yetu akivuta mlango wa zizi wenyewe. Nikamwambia arudi. Akaniambia nifunge mdomo nishike upande ule. Tukaulaza mlango pale, nikaukalia, maji yakipita kiunoni mwangu, na kila mara niliposikia ardhi ikilia chini yangu nilijua kwamba ninaondoka nayo. Niliogopa sana. Sijawahi kuogopa hivyo.

Saa kumi na moja mvua ikaacha ghafla. Ukimya. Dorah alikuwa ameshika shina moja la mkonge kwa mikono yote miwili, viganja vinatoka damu, na alikuwa bado hajaliachia.

Miche arobaini na moja imeenda. Ukuta wa jikoni una ufa kuanzia chini hadi juu. Nimepima nikiwa nimelowa: hatua tatu.

Jumatano, 21 Mei

Mwili wote unauma. Korongo limesimama.

Jumapili, 25 Mei

Mvua ndogo jana. Maji yaliingia kwenye mkonge, yakachuja, yakateremka taratibu. Tatu.

Alhamisi, 29 Mei

Tatu. Sili vizuri tena, na safari hii si kwa sababu ya mvua, ni kwa sababu ya lori.

Jumapili, 1 Juni. Madaraka

Lori limefika saa nne. Dereva ni Zubair, kijana mcheshi wa Awendo mjini, na pembeni yake Oyaro, mtu mpole kuliko nilivyomchora kichwani. Alimsalimia mama yake, akaisalimia miti, hivyo ndivyo ilivyoonekana, akitembea kutoka mmoja hadi mwingine. Alipoinama, mgunga ukamshika shati, ukalichana. Akajinasua polepole.

"Mmefanya kazi," akasema. "Siwezi kataa. Lakini Dorah, hatua tatu ni hatua tatu. Mvua ya Septemba inakuja, na ile ya mwaka kesho. Jikoni imepasuka. Sitaki siku moja nipigiwe simu kazini."

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniumiza. Min Oyaro aligeuza kiti chake akakipa lori mgongo.

Dorah aliingia jikoni. Tukasikia vyombo. Akatoka na sufuria, akaziweka chini uani. Akaingia tena, akatoka na sinia, vikombe, mwiko, mtungi. Akarudi mara ya tatu. Oyaro akadhani amekubali, akamwambia Zubair asogeze lori.

"Sogeza," Dorah akasema. "Panda juu, ng'oa mabati ya jikoni. Yote. Ukuta tutabomoa kesho."

"Na ya nyumba?" Oyaro akauliza.

"Ya nyumba usiguse. Hapa jikoni ilikuwa nitapanda mkonge, mistari minne. Jikoni nitajenga kule, nyuma ya nyumba. Shimo ikitaka kufika kwangu itapita kwanza hapo, na haitapita."

Oyaro alimtazama mke wake, kisha korongo, kisha mgongo wa mama yake. Akavua shati lililochanika, akapanda juu ya jikoni, akaanza kung'oa misumari. Mabati kumi na manane. Zubair aliyapakia akiimba, kisha akashika usukani akauliza ni njia gani ya Ndhiwa iliyo nzuri siku hizi.

"Zunguka tu nyumba," Dorah akamwambia. "Weka pale kwenye mti."

"Nimetoka Awendo yote nije kubeba mabati kutoka hapa mpaka pale?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akazima injini. Kisha akaiwasha, akazunguka nyumba, hatua arobaini kwa kukadiria, akashusha. Nililia mbele ya watu wote na sikujificha. Tulipika nje mchana ule, bila paa, na Oyaro ndiye aliyewasha moto.